Siku Moja ya Utulivu Lisbon kwa Watu Wawili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanandoa na wachumba wanaopita Lisbon, mji mkuu wa Ureno, wakiwa na siku moja tu ya kutembea: wengine wakitoka Nairobi au Dar es Salaam, wengine wakiishi London, Brussels au Stockholm na kutafuta mapumziko mafupi. Majibu yanashika msimamo mmoja, kwamba siku ya watu wawili huharibiwa na wingi wa mahali pa kwenda kuliko uchache wake. Pia yanashikilia kwamba mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ana jambo lake mahususi la kulitazama Lisbon, na jambo hilo limepewa nafasi kubwa kuliko mengine.

Je, siku moja inatosha?

Haitoshi kuumaliza mji, lakini inatosha kuufurahia, mradi mkubali mapema kwamba mtaacha mengi. Lisbon umejengwa juu ya vilima vingi, ambavyo kwa mapokeo huhesabiwa saba, kwenye ukingo wa mto Tejo karibu na unapoingia Bahari ya Atlantiki. Anayejaribu kupanda kila kilima kwa siku moja hurudi hotelini akiwa na picha nyingi na mwenzi aliyenuna. Mpango tunaoupendekeza unaufuata mto: asubuhi mnakwenda Belém, upande wa magharibi, kiasi cha kilomita sita kutoka katikati ya mji, mnarudi polepole na kusimama kwenye jumba la makumbusho lililo njiani, alasiri mnapumzika karibu na maji, kisha jioni mnapanda Alfama, mtaa mkongwe wa mashariki.

Kwa nini tuanzie Belém badala ya katikati ya mji?

Kwa sababu Belém hujaa watu kufikia saa nne asubuhi, ilhali katikati ya mji hapapungui utamu hata mkifika jioni. Mkiwahi mlangoni mwa Monasteri ya Jerónimos kabla haijafunguliwa, mtaiona katika ukimya ambao baada ya saa moja haupatikani tena. Ujenzi wake ulianza mwaka 1501, wakati wa Mfalme Manuel wa Kwanza, na ulichukua takriban miaka mia moja. Gharama zililipwa kwa sehemu kubwa na ushuru uliotozwa kwenye biashara ya Afrika na Mashariki, ndiyo maana nguzo zake za mawe zimechongwa kamba za merikebu, matumbawe na majani ya nchi za mbali. Tangu 1983 monasteri hiyo pamoja na Mnara wa Belém vimo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuingia kanisani hakulipiwi, ila ua wa ndani wenye matao ya ghorofa mbili hulipiwa, na inafaa kununua tiketi mtandaoni siku chache kabla. Kama fedha au muda vinabana, kanisa peke yake linatosha.

Tunaona nini kanisani?

Mara tu mnapoingia, chini ya roshani ya waimbaji, kuna makaburi mawili ya mawe yanayotazamana. Moja ni la mshairi Luís de Camões, na lingine ni la Vasco da Gama. Huyu wa pili ndiye aliyeng'oa nanga hapa Belém Julai 1497, akafika Mombasa Aprili 1498 na kupokewa vibaya, kisha akaenda Malindi, ambako alipokewa vizuri na kupewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Alifia Cochin mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa Ureno baadaye, yakahamishiwa kanisa hili mwaka 1880.

Wageni wengi hupiga picha hapo na kupita. Anayetoka Mombasa, Malindi, Zanzibar au Kilwa ana haki ya kusimama zaidi kidogo, kwa sababu safari ya mtu huyu ndiyo iliyofungua karne mbili za mizinga, kodi na ngome katika pwani yetu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikaa mikononi mwa Wareno kwa sehemu kubwa ya muda uliofuata, ingawa Sultani Yusuf bin Hassan wa Mombasa aliwanyang'anya kwa muda mfupi mwaka 1631, hadi Waomani walipoitwaa mwaka 1698.

Tumesikia kwamba dhahabu ya Kilwa iko Lisbon. Ni kweli?

Ni kweli, na hili ndilo jambo tulilolitaja mwanzoni. Katika Jumba la Kitaifa la Makumbusho ya Sanaa ya Kale, lililo mtaa wa Janelas Verdes, kimehifadhiwa chombo cha ibada ya Kikatoliki kiitwacho Custódia de Belém. Ni chombo cha kuweka hostia takatifu ili waumini waitazame, kimetengenezwa kwa dhahabu na enameli za rangi, na kina urefu wa zaidi kidogo ya sentimita 70. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka nafasi ya hostia, juu yao ananing'inia njiwa wa Roho Mtakatifu, na nyuso zao, pamoja na udogo wake, zimechongwa kila mmoja kwa namna yake. Kazi hiyo inahusishwa na sonara Gil Vicente.

Kuzunguka tako la chombo hicho kuna maandishi ya Kireno cha kale yasemayo kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Jina la Kilwa limo mle, waziwazi, na anayejua anachokitafuta ataliona.

Habari yake ni hii. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu za kivita, akamlazimisha Amiri Ibrahim kuukubali utawala wa mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka, la sivyo mji ungepigwa mizinga. Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikashushwa hadi bandari ya Sofala, na biashara ya Sofala ndiyo iliyowawezesha masultani wa Kilwa kujenga Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa. Miaka mitatu baada ya kodi ile, mwaka 1505, jeshi la Wareno chini ya Francisco de Almeida liliuteka mji wa Kilwa na kuipora Mombasa. Custódia ilimalizika mwaka uliofuata, na mfalme aliiachia monasteri ya Jerónimos katika wosia wake. Kwa hiyo mkitoka kanisani asubuhi na kuingia makumbusho mchana, mnaifuata njia ambayo chombo chenyewe kiliipita.

Tunalisisitiza hili kwa sababu vitabu vingi vya watalii hukisifu chombo hicho kwa uzuri wake na kuitaja Kilwa kwa neno moja tu, na msomaji asiyeijua pwani hulipita neno hilo. Uzuri wake ni wa kweli. Lakini wawili waliowahi kutembea Kilwa Kisiwani, wakaona kuta za matumbawe zilizobaki, watakuwa na mengi ya kuzungumza mbele ya kabati lile la kioo, na nadhani mazungumzo hayo ndiyo yatakayobaki nao baada ya safari.

Je, makumbusho hayo hayatatuchosha?

Yatawachosha mkitaka kuona kila chumba. Chagueni vitu vitatu. Cha kwanza ni Custódia. Cha pili ni pazia za kukunjwa za Kijapani zinazoonyesha merikebu ya Wareno ikiwasili Japani, ambamo, pamoja na wafanyabiashara waliovaa suruali pana, wamechorwa pia Waafrika wakiwa miongoni mwa mabaharia na watumishi. Cha tatu kiwe chochote kitakachomvuta mmoja wenu. Baada ya hapo shukeni bustanini, nyuma ya jengo, mahali penye miti na mkahawa panapoutazama mto na bandari. Kabla ya kwenda, hakikisheni kwenye tovuti ya makumbusho kwamba vyumba mnavyovitaka viko wazi siku hiyo, kwa kuwa majengo haya ya kale hufungwa sehemu kwa sehemu wakati wa ukarabati.

Tutumie usafiri gani?

Kutoka katikati ya mji hadi Belém, pandeni tramu namba 15, ambayo ni ndefu na ya kisasa, na ambayo wakati wa kurudi hupita barabara ya mtoni chini ya mtaa wa Janelas Verdes, ingawa kutoka kituoni kuna ngazi za kupanda. Nunueni kadi iitwayo Navegante katika stesheni yoyote ya metro, kila mtu yake, na kuitia tiketi ya saa 24. Hutumika kwenye metro, mabasi na tramu. Uwanja wa ndege umo kwenye njia nyekundu ya metro, kwa hiyo teksi si lazima.

Tramu namba 28, ile ndogo ya manjano inayoonekana kwenye kila kadi ya posta, ni nzuri kwa kuitazama ikipinda katika vichochoro. Kuipanda mchana ni jambo lingine, maana hujaa hadi mlangoni na wezi wa mfukoni huifuata kwa sababu hiyo hiyo. Mkiitaka kweli, ipandeni mapema asubuhi au usiku, mkoba ukiwa mbele ya kifua.

Mmoja wetu ana maumivu ya magoti. Vilima je?

Swali hili liulizwe kabla ya kununua tiketi ya ndege, maana vijia vya Lisbon vimetandazwa vijiwe vyeupe na vyeusi vya chokaa vilivyosuguliwa na miguu ya watu hadi vikawa laini, na mvua ikinyesha huteleza sana. Viatu vyenye soli inayoshika ni muhimu kuliko nguo nzuri. Belém ni tambarare, na mtaa wa Baixa katikati ya mji pia. Kwa kupanda kuelekea ngome ya São Jorge, kuna lifti ya umma isiyolipiwa ndani ya jengo la mtaa wa Fanqueiros, na mbele yake kuna nyingine. Bajaji za watalii nazo ziko kila kona, lakini patana bei kabla ya kuketi.

Lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, ina urefu wa mita 45 na foleni yake ni ndefu. Anayetembea anaweza kufika kileleni kwa kuzungukia uwanja wa Carmo. Vibehewa vinavyovutwa kwa kebo kwenye miteremko visiwe msingi wa mpango wenu: kimoja chao, cha Glória, kilipata ajali Septemba 2025 ambayo ilipoteza maisha ya watu 16.

Tule nini, na wapi?

Belém kuna mkate mdogo wa kastadi ya mayai, uliookwa hadi juu ukababuka, unaoliwa wa moto kwa kunyunyiziwa mdalasini. Duka la Pastéis de Belém limekuwa likiuuza tangu 1837. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Ingieni ndani, kwani vyumba ni vingi na meza hupatikana.

Mchana, chakula chenyewe cha nchi ni bacalhau, samaki wa bahari za baridi aliyetiwa chumvi na kukaushwa, jamaa wa ng'onda wetu, ambaye hulowekwa kwa siku moja au zaidi na kupikwa kwa mafuta ya zeituni, viazi na vitunguu. Aliyezoea papa mkavu wa nazi hatashangazwa na harufu yake. Mwezi wa Juni huwa ni wa sadini wa kuchoma, hasa usiku wa kuamkia tarehe 13, sikukuu ya Mtakatifu Antonio, ambapo mitaa ya Alfama hujaa moshi wa majiko.

Jambo moja huwakasirisha wageni bila sababu. Mkiketi, mhudumu huleta mkate, zeituni na jibini ambavyo hamkuviagiza. Hivyo si zawadi. Mkivila vitaingizwa kwenye hesabu, na msipovigusa mna haki ya kutovilipia. Mwambieni kwa upole avirudishe.

Sisi ni Waislamu. Tutapata chakula halali na mahali pa kuswali?

Mtapata. Katika mitaa ya Martim Moniz na Mouraria, umbali wa kutembea kutoka Baixa, kuna migahawa mingi ya Wabangladeshi, Wapakistani na Wahindi yenye nyama halali. Katika migahawa ya Kireno, samaki ndiye wa kutegemewa, lakini ulizeni juu ya nyama ya nguruwe hata kwenye supu: caldo verde, supu ya majani ya kabeji na viazi, hutiwa kipande cha soseji ya nguruwe. Msikiti Mkuu wa Lisbon, karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa mwaka 1985, na miongoni mwa walioujenga umma wake ni familia zilizotoka Msumbiji. Waismaili wana kituo chao kikubwa tangu 1998, na Aga Khan wa Nne alifariki dunia katika mji huu Februari 2025.

Alasiri tufanye nini?

Pendekezo letu ni kutofanya mengi. Rudini hotelini mkalale kidogo, au shukeni Praça do Comércio, uwanja mkubwa ulio wazi upande wa mto, mkakae kwenye ngazi za Cais das Colunas, ambako nguzo mbili zimesimama majini na maji huja na kuondoka kwenye mawe.

Hapo palikuwa na kasri la wafalme. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa wamejaa makanisani na mishumaa imewashwa, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji, likafuatwa na mawimbi ya bahari na moto uliowaka kwa siku kadhaa. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, aliijenga Baixa upya kwa mitaa iliyonyooka na nyumba zenye kiunzi cha mbao ndani ya kuta, ili zitikisike bila kuanguka. Ukiwa na habari hii, unyoofu wa mitaa ile ambao mwanzoni huonekana wa kawaida tu unaanza kuwa na uzito.

Mkiwa na nguvu za kutembea dakika chache, piteni uwanja wa São Domingos. Kanisa lake liliungua mwaka 1959 na kuta zake za ndani zimeachwa na alama za moto. Nje, chini ya miti, hukutana Waafrika wa Lisbon, wengi wao kutoka Guinea-Bissau, wakiuza karanga na kuzungumza hadi giza liingie.

Jioni tupande wapi kutazama jua likizama?

Nendeni Alfama kupitia Kanisa Kuu, lililoanzishwa mwaka 1147 baada ya Afonso Henriques kuutwaa mji kutoka kwa watawala Waislamu, kisha mpande hadi vibaraza vya Santa Luzia na Portas do Sol. Vichochoro vyembamba, nguo zinazoanikwa dirishani na barazani pa nyumba watu wameketi: mtu wa Mji Mkongwe hahitaji kuelekezwa namna ya kutembea hapa. Ukuta wa kanisa la Santa Luzia una vigae vya buluu vinavyoonyesha uwanja wa kasri ulivyokuwa kabla ya tetemeko.

Kumbukeni kwamba vibaraza hivyo vinatazama mashariki na mto, kwa hiyo mtaona mwanga ukibadilika juu ya mapaa, na si jua lenyewe likizama. Anayelitaka jua apande Senhora do Monte. Juni huzama baada ya saa tatu usiku, na Desemba saa kumi na moja na robo jioni.

Fado ni nini, na tufanyeje tusiwaudhi wenyeji?

Fado ni uimbaji wa mitaa hii ya kale, wa sauti moja ikifuatwa na gitaa la Kireno lenye nyuzi kumi na mbili na gitaa la kawaida. UNESCO iliuingiza katika urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2011. Amália Rodrigues, aliyefariki mwaka 1999, ndiye aliyeufikisha duniani kote, na Mariza, mmoja wa waimbaji wakubwa wa leo, alizaliwa Msumbiji na kulelewa Mouraria.

Taa zikipunguzwa, nyamazeni. Hakuna kuzungumza, kupiga picha kwa mwanga mkali wala kugongagonga uma. Hata wahudumu husimama. Chagueni nyumba ndogo, wekeni nafasi mapema, na ulizeni bei kamili ya chakula pamoja na muziki kabla ya kuketi, kwa sababu nyumba nyingine zina kiwango cha chini ambacho lazima mgeni alipe. Wanandoa wa mwambao waliozoea taarabu watazitambua nyimbo za mapenzi na majonzi hata bila kuelewa Kireno.

Ikiwa siku yetu ni Jumatatu?

Badilisheni siku kama mnaweza, maana monasteri na makumbusho ya Janelas Verdes hufungwa Jumatatu. Isipowezekana, tumieni asubuhi katika bustani ya Gulbenkian, yenye madimbwi na vivuli, na jioni ibaki kama ilivyo.

Visa, saa na msimu?

Raia wa nchi za Afrika Mashariki huhitaji visa ya Schengen, hata wanaoishi Uingereza. Wenye kibali cha ukaazi katika nchi ya Schengen hawahitaji. Ombi hupelekwa kati ya miezi sita na siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya angalau euro 30,000. Lisbon iko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu majira ya baridi na saa mbili majira ya joto. Mei na Septemba ndiyo miezi tunayoipenda, kwa sababu Agosti huwa na joto kali na umati, na kuanzia Novemba mvua huwa nyingi.

Tukibakiwa na saa mbili?

Pandeni kivuko cha Cais do Sodré kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto, safari ya takriban dakika kumi ambayo wafanyakazi huifanya kila siku. Mtapita mkiliona daraja jekundu la 25 de Abril, lililofunguliwa mwaka 1966 na kubadilishwa jina baada ya mapinduzi ya 1974 yaliyouondoa udikteta na kuharakisha uhuru wa Msumbiji na Angola. Kunyweni kahawa upande wa pili, kisha mrudi na kivuko kinachofuata, mkikaa upande wa kushoto ili daraja libaki mbele ya macho yenu.